Mpakuaji Asiyetajwa: Mlo wa Mume na Mke katika Utendi wa Mwana Kupona na katika Maandishi ya Katanga

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na mambo makubwa: vita, dini, ukoloni, mapenzi, ujenzi wa taifa. Jikoni haujaingia mara nyingi. Hata pale ambapo mtunzi mwenyewe ameweka chakula mbele ya msomaji, mhakiki hukipita kama mgeni mwenye haraka na kwenda moja kwa moja kuutafuta ujumbe. Ndiyo maana mlo wa kila siku wa mume na mke, tendo linalorudiwa mara nyingi kuliko vita vyote vilivyoimbwa katika tendi, umebaki bila wasomaji. Lakini hapo ndipo ndoa huonekana ilivyo: nani ametafuta, nani amepika, nani amepakua, nani ametangulia kunawa, nani amekula na nani, na nani amekula mwisho kilichosalia katika sufuria. Maandishi yanayoyataja baadhi ya hayo na kuyanyamazia mengine hutoa ushahidi kwa kusema, na hutoa ushahidi pia kwa kunyamaza.

Lugha yenyewe imekwisha kugawa kazi hizo. Kabla chakula hakijafika kinywani, Kiswahili kina msururu wa vitenzi: kutwanga, kupepeta, kuchambua, kuteleka, kusonga, kuepua, kupakua, kuandaa. Kikishafika kinywani, kitenzi kinachotawala ni kimoja, nacho ni kula. Hicho kimoja kimesafiri mbali sana na sahani. Mtu hula kiapo, hula hasara, hula njama, hula mshahara asioutolea jasho. Na katika Kibemba, mojawapo ya lugha zinazosikika Katanga, chifu anayetawazwa husemwa kuwa anakula uchifu. Vitenzi vya jikoni havikupata heshima hiyo, na vikisafiri aghalabu huishia pabaya, kama yule anayepika majungu. Kimoja tu kimebahatika. Kuandika ni kupanga chakula mbele ya wale, na kuandika ni kuweka maneno juu ya karatasi. Jambo hilo la lugha lafaa kukumbukwa, kwa maana maandishi matatu yatakayosomwa hapa yanatofautiana hasa katika swali hili: aliyeandika chakula, je, ndiye aliyeandika habari zake?

La kwanza ni utendi ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nao, mapema au baadaye. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841. Mama alikuwa mgonjwa. Anamwita binti aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa anayo maneno ya kumwachia. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate aliyempinga Sultani wa Unguja, alikuwa amefariki mwaka 1856. Kwa hiyo asemaye ni mjane. Wasomaji wengi husahau hilo wanapousoma utendi kana kwamba umetungwa na mke aliyeketi chini ya amri ya mume. Mume wa mtunzi hayupo tena kuamuru. Amekuwa kumbukumbu, na utendi unaitumia kumbukumbu hiyo kama hoja.

Beti zinazohusu chakula si nyingi, na zimewekwa mahali pake kwa utaratibu. Binti anaambiwa asimwamshe mume alalapo, asinyanyue sauti, asiondoke pale alipo, mume asije akaamka na kumkosa. Aamkapo, chakula kisichelewe. Kisha yanafuata mambo ya mwili: kuogeshwa, kunyolewa, kufukizwa manukato asubuhi na jioni. Chakula, basi, kimewekwa kati ya usingizi na kuoga. Katika mpango huo mlo si mazungumzo wala si ushirika wa watu wawili. Ni sehemu moja ya utunzaji wa mwili wa mtu mmoja. Katika beti hizo za huduma haisemwi binti atakula lini, wapi, wala na nani. Sahani ni moja, nayo ni ya mume.

Msomaji wa leo, hasa msomaji wa kike, husimama hapo akakasirika, na hasira yake si ya bure. Lakini akisoma mbele kidogo atakuta ulinganisho unaogeuza hali. Mwana Kupona anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Na papo hapo, ndani ya ubeti uo huo, anamwagiza awe macho na mali ya nyumba, inayotoka na inayoingia. Mambo hayo mawili hayakukutanishwa kwa ajili ya vina tu. Mtoto asiyesema haombi chakula. Hajui kilichomo ghalani, hajui kesho kutakuwa na nini, hajui kiasi cha mchele kilichobaki. Anayejua ni mlezi wake, naye hulazimika kuitambua njaa kabla haijatamkwa. Kumlinganisha mume na mtoto huyo ni kumpa heshima ya kuhudumiwa, na kwa mkono ule ule kumwondolea elimu ya nyumba yake. Bwana Mataka alihesabu askari na maadui. Hesabu ya vibaba ilikuwa kwa mwingine.

Yapo maneno mengine katika utendi yanayoonekana kupingana na hilo. Binti anafundishwa kupokea kwa moyo wa furaha chochote mume atakachompa, na asichokifanya mume kwa hiari yake si lazima kumkumbusha. Hapo mke ni mpokeaji. Pale juu ni mtunza hazina. Mhakiki hana haja ya kuusawazisha mgongano huu, kwa kuwa ndoa nyingi zimeishi ndani yake: mume ndiye mwenye kutoa, mke ndiye mwenye kujua kama kilichotolewa kinatosha, na ujuzi huo haupaswi kusikika kama lawama. Mpishi ndiye wa kwanza kujua kwamba nyumba imepungukiwa, na ndiye wa mwisho kuruhusiwa kulitamka. Kila mlo ulioletwa kwa wakati unaficha hesabu iliyofanywa kimya kimya.

Juu ya hayo yote utendi umejenga fundisho la radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Siku ya hukumu mume ataulizwa, na neno lake litakuwa na uzito katika safari ya mke. Fundisho hilo ni la imani na lasomwa hivyo. Hata hivyo, uthibitisho ambao Mwana Kupona anautoa kwa kirefu zaidi umetoka nyumbani kwake. Anasimulia maisha yake na Bwana Mataka, kwamba waliishi kwa furaha bila ugomvi, na kwamba mauti yalipomjia mume alikuwa akiirudia radhi yake kwa mkewe. Huyu ni mwanamke anayesema: nilifanya hivi, nikapata hivi. Lina sauti ya fundi anayemrithisha mwanagenzi ufundi, na ufundi huo una siri zake.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, waliupa jina linaloutangaza kuwa mawaidha kuhusu wajibu wa mke. Jina hilo limeuandama utendi tangu hapo. Ni jina lenye ukweli, lakini limeziweka mbele beti za utii na kuziacha nyuma zile za hazina. Mwaka 1991 Ann Biersteker alitaka utendi usomwe upya kwa upande wa lugha na mamlaka, na tangu wakati huo ni vigumu kumfanya Mwana Kupona kuwa mama mnyenyekevu asiye na neno jingine. Kinachosikitisha ni kwamba mjadala huo umebaki baina ya mume na mke peke yao, kana kwamba nyumbani mle hamkuwa na mtu wa tatu.

Naye alikuwamo. Utendi wenyewe unamtaja, mahali pengine na kwa jambo jingine: binti anaonywa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Onyo hilo fupi lafaa kusomwa pamoja na ule ubeti wa chakula. Kama palikuwa na watumwa, na palikuwa na wakati wa kazi yao, basi nyumba ya Siyu ilikuwa na mikono iliyotwanga, iliyochota maji, iliyokaa motoni. Binti wa mtawala alipoagizwa kutokawia na chakula cha mume, haikuwa lazima aagizwe kupuliza moto. Aliagizwa kusimamia na kukiweka mbele ya mume. Sifa ya huduma ikabaki kwa mwungwana, kuni na masizi yakabaki kwa mtumwa, na utendi ukapita. Hapa ndipo Mwana Kupona anapostahili kulaumiwa, na lawama hii ni nzito kuliko ile ya utii. Yeye aliyeona kwa makini kwamba mlaji ni kama mtoto asiyejua, hakuona, au hakutaka kuandika, kwamba chini ya mwenye kupakua alikuwako mwenye kupika.

Utendi huo unaweza kudhaniwa kuwa uko mbali mno na Katanga. Kiswahili cha huku hakikuletwa na washairi wa Siyu. Kilifika kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, ile iliyomleta Msiri na Bayeke wake Bunkeya, kisha kikakuzwa na migodi, shule za misheni na kambi za wafanyakazi baada ya kuanzishwa kwa mji wa Elisabethville mwaka 1910. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayemsoma Mwana Kupona darasani hutoka akarudi nyumbani kwenye lugha inayosema byakula badala ya vyakula, na kwenye mbabula yenye makala, ambapo bukari inangojewa pamoja na sombe, matembele, lengalenga au kipande cha samaki anayeitwa thomson. Lakini swali la sahani moja analikuta limemtangulia kufika. Na limefika kwa njia ambayo mtunzi wa Siyu asingeweza kuiwaza, yaani kwa daftari la kampuni.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitumia kwanza wanaume waliokuja kwa muda na kurudi kwao. Kuanzia miishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake, ikataka mfanyakazi akae, aoe, alete mke kambini na kuzaa huko. Ndipo posho ya unga na vyakula vingine ikahesabiwa kwa mume, kwa mke na kwa watoto, chini ya jina la mume. Yale ambayo Mwana Kupona alimkabidhi binti yake, yaani kujua kinachotoka na kinachoingia, kampuni iliyachukua na kuyaweka ofisini. Mke alipewa mafunzo ya kupika, kushona na usafi katika nyumba za maendeleo ya jamii. Kipimo cha unga alikipokea kimekwisha kupimwa. Baba akawa mlango ambao chakula chote kilipita. Huko Siyu mume alikuwa mtoto aliyelishwa. Kambini mke pia alifanywa mtoto, na mlezi wa wote wawili alikuwa mwajiri.

Donatien Dibwe dia Mwembu ameifuata habari hiyo kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père, kinaonyesha jinsi mamlaka ya baba mfanyakazi yalivyojengwa juu ya uwezo huo wa kulisha, na jinsi yalivyoporomoka pamoja nao. Hesabu za nchi zinatosha kueleza anguko. Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uporaji ukaikumba miji mwaka 1991, na mwaka 1993 shaba iliyotolewa haikufika tani 50,000. Mishahara ikacheleweshwa, kisha ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo wengi wao hawakulitambua kuwa hiari.

Katika nyumba, historia hiyo ilipimwa kwa unga. Mfuko mzima ulipokosekana, unga ulinunuliwa kwa meka sokoni, wa siku moja. Unga wa mahindi ukachanganywa na wa muhogo. Milo miwili ikawa mmoja, ule uliopewa katika Kifaransa cha mitaani jina la gong unique. Na mara nyingi pesa ya huo mmoja ilitoka katika kitambaa cha mama aliyeshinda kibarazani au sokoni akiuza makala, mafuta kwa vipimo vidogo, chumvi, mboga. Mwenye kupakua akawa ndiye mwenye kutafuta. Hata hivyo sahani ya baba haikuondolewa mahali pake. Iliandikwa kama zamani, labda na kipande pekee cha samaki juu yake, na maji ya kunawa yakaletwa kwa adabu ile ile. Hapa ule ubeti wa mtoto asiyesema unaweza kusomwa upya bila kupindishwa. Mke analeta chakula kabla hakijaombwa, kwa sababu kuomba kungemfanya mume akiri kwamba hakuleta kitu. Adabu yake ni sitara. Anamfichia mume aibu, na katika kumfichia anazidi kuijua.

Riwaya za Kiswahili zimeligusa jambo hili kwa upande wa lawama. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria ni mlevi na Regina ndiye anayeibeba nyumba, na msomaji anaelekezwa bila shida kumhurumia mke na kumchukia mume. Huo ni usomaji halali, lakini ni mwepesi. Mfanyakazi wa mgodi aliyenyimwa mshahara si mlevi wa Ukerewe, na mke anayemwandikia chakula hafanyi hivyo kwa ujinga. Ugumu wa mlo wa namna hiyo, ambapo wote wawili wanajua na hakuna anayesema, ungali unamsubiri mwandishi wake. Wataalamu wa jamii wamekuwa wepesi kuliko watunzi: mkusanyiko ulioongozwa na Pierre Petit mwaka 2004 kuhusu chakula cha Lubumbashi ulibeba katika kichwa chake neno lenyewe la mji, Byakula, na ukauchukua ulaji wa kila siku kuwa somo lenye hadhi.

Yapo, hata hivyo, maandishi ya Katanga ambayo mwandishi wake alitoka upande wa jikoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji, historia inayojulikana kwa Kifaransa kama Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian, pamoja na Kalundi Mango, aliyatoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Wahakiki wengi wameyasoma kama historia ya ukoloni iliyosimuliwa kutoka chini, na ndivyo yalivyo. Lakini yafaa kuangalia pia kazi ya wasimuliaji. Mabwana hawa, walioitwa maboi hata walipokuwa na wajukuu, walipika, waliandika meza, wakasimama nyuma ya viti vya Wazungu wakisikia. Walijua ugomvi wa mume na mke wa Kizungu kwa kuona sahani zilizorudi hazikuguswa. Mpakuaji wa Siyu hakuacha hata jina. Mpakuaji wa Elisabethville alichukua kalamu. Maandishi yake hayafuati tahajia ya shule, na yeyote anayeyasahihisha ili yafanane na Kiswahili sanifu anamrudisha mwenyewe jikoni.

Isisahauliwe kwamba mpishi huyo alikuwa mwanamume. Alishinda akipika kwa mshahara, na jioni alirudi kwake akaandikiwa chakula na mkewe. Mikono iliyojua kukanda mikate na kuchoma nyama za watu haikushika mwiko nyumbani, kwa maana mwiko wa nyumbani ni wa mke. Neno hilo lina maana mbili katika Kiswahili, kijiko kikubwa na katazo, na hata kama wanaisimu watayatenganisha asili yake, wasemaji wameyaacha yakae pamoja. Kupika hakukumdhalilisha mwanamume maadamu kulilipwa. Historia ya Yav inautazama mji kutoka katika jiko la bwana. Jiko la mke wa mpishi limebaki nje ya macho yake. Kwa mara nyingine mwenye kusimulia amesimama juu ya mabega ya mwingine.

Andiko la tatu lilianzia mezani hasa. Mwaka 1986, katika Lubumbashi, Fabian alisikia wakati wa kula usemi ambao baadaye ulizaa kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990: kwamba mamlaka huliwa mazima. Kilichouleta usemi huo ni firigisi ya kuku. Firigisi haigawanywi, ni ya mkubwa, naye huila peke yake. Fabian aliwapelekea wachezaji wa kundi la Mufwankolo swali la maana yake, nao wakalifanya mchezo, kwa desturi yao ya kutunga papo kwa papo bila maneno yaliyoandikwa kwanza. Mchezo ukahamia kijijini, penye chifu, wazee wake na raia wasiosikia, na usemi ukawa mjadala kuhusu utawala. Kila mtazamaji wa wakati ule alimjua mkubwa mwingine, aliyekula peke yake mbali zaidi na kijiji.

Kitabu hicho ni chema, na maelezo yake kuhusu namna wachezaji wanavyofikiri kwa kuigiza hayajapitwa. Lakini tazama safari ya firigisi. Imeondoka katika mlo wa nyumbani, ikapita katika baraza la chifu, ikafika katika nadharia ya mamlaka, na njiani ikampoteza mtu mmoja. Usemi unamtaja mlaji na unataja kinacholiwa. Haumtaji aliyekiweka katika sahani fulani, akaipita nyingine. Firigisi haina miguu. Katika nyumba ambamo kuku mmoja huliwa na watu wengi, mama ndiye anayejua firigisi ipo wapi ndani ya mchuzi, na ni mwiko wake unaoitafuta. Akiamua kumpa kaka wa mume aliyekuja ghafla, baba atacheka mbele ya mgeni na kuliwaza usiku kucha. Heshima ya baba imo mikononi mwa mtu ambaye methali haikumpa hata nafsi ya kitenzi.

Wala haitoshi kusema kwamba mke ana mamlaka yaliyofichika, kisha mhakiki akaridhika. Uwezo wa kumpa mwingine firigisi si sawa na uwezo wa kuila, na mwanamke aliyekula shingo na miguu ya kuku kwa miaka 30 hawezi kushibishwa na nadharia. Mwana Kupona alijua hazina ya nyumba na bado alihitaji radhi. Mama wa Lubumbashi ametafuta unga, ameupika, ameupakua, na bado anaitwa aliyelishwa na mumewe. Ujuzi na heshima vimekaa katika sahani mbili, na maandishi ya Kiswahili, tangu Siyu hadi Katanga, yamekuwa mepesi kuiandika ile ya pili.

Kuna jambo moja dogo ambalo kila mwanamke aliyewahi kumwandaa kuku analijua, na ambalo usemi ule hauwezi kulizungumza bila kuharibika. Firigisi haiwezi kupikwa kama ilivyotoka. Imejaa mchanga na vijiwe, na ndani ina ngozi ngumu ya manjano. Ni lazima ipasuliwe kwa kisu, imwagwe uchafu, ibanduliwe ile ngozi, ioshwe mara kadhaa, ndipo iingie chunguni. Inapofika mezani imejikunja kwa moto, ikafunga mdomo wake, na mkubwa anaila akiamini kwamba ni nzima.